Kilwa Tatu na Bara Lake

Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ina miji mitatu inayotumia jina moja. Kilwa Kisiwani iko baharini. Kilwa Masoko inaikabili kutoka ng'ambo, na mkondo wa maji unaozitenganisha huvukwa na mashua yenye upepo mzuri kwa muda mfupi. Kilwa Kivinje iko kaskazini zaidi, kwenye ghuba ya maji machache ambako bahari ikitoka, vyombo hulala ubavu juu ya tope. Kila mmoja wa miji hii, kwa wakati wake, uliitwa Kilwa tu, bila kuongezewa neno, kwa sababu hapakuwa na Kilwa nyingine iliyohesabika.

Historia ya wilaya imezoeleka kusimuliwa kutoka Kisiwani, maana Kisiwani ndiko kwenye magofu. Watajwe masultani, misikiti na dhahabu ya Sofala, waje Wareno, kisha hadithi iishe. Naona masimulizi hayo yamekatwa katikati. Nyuma ya miji mitatu kuna nchi kubwa, zaidi ya kilometa za mraba 13,000, yenye misitu ya miombo, mabonde ya mito Matandu na Mavuji, na milima ya Wamatumbi. Wenyeji wake, Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na jirani zao, ndio waliobeba, waliolima, waliowindwa na hatimaye waliopigana. Mji wa pwani ulistawi pale njia ya kutoka kwao ilipoufikia, na ulififia njia ilipogeuka. Anayetaka kuielewa Kilwa hana budi kusimama bara na kuitazama bahari, si kusimama baharini tu.

Hata hivyo Kisiwani ina haki ya kutangulia, na iliyoipa haki hiyo ni pepo. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kikisukumwa na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kuuza na kununua, na kurudi kwao na kusi. Kufika Sofala, kulikotokea dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, kulihitaji kungoja msimu mwingine. Hivyo Kilwa ikawa mahali ambapo mali ya kusini ilikutana na meli za kaskazini, tena ndani ya bandari yenye kina inayostahimili kila upepo. Watu walikuwa wakiishi kisiwani pale tangu karne ya 9 hivi. Walikuwa wavuvi na wafua chuma, katika nyumba za miti na udongo, muda mrefu kabla ya jiwe la kwanza la msikiti kuwekwa.

Habari za Kilwa, zile za Kiarabu ambazo nakala yake iko Uingereza, na zile ambazo Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1552, zinaeleza asili ya utawala kwa kisa kinachojulikana pwani nzima. Ali bin al-Hassan alikuja kutoka Shirazi akakikuta kisiwa kina mwenyewe, mtu wa bara. Wakapatana bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenye kisiwa akachukua nguo zake akaenda bara, moyoni akikusudia kurudi na jeshi wakati wa maji kupwa, maana siku hizo mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali akatambua, akauchimba mkondo, na bahari ikaingia.

Wanaakiolojia waliomfuata Neville Chittick, aliyechimba pale katika miaka ya 1960, hawakuona dalili ya wageni waliotua na mji wao mkononi. Waliona kijiji cha wenyeji kilichokua polepole kikawa mji. Lakini kisa chenyewe nakithamini kwa sababu nyingine. Waliokihifadhi walikuwa watawala wa kisiwa, na hata wao hawakuweza kusema kwamba nchi ilikuwa tupu. Walikubali kwamba walikinunua kutoka kwa mtu wa bara, na kwamba mtu huyo aliondoka akiwa na nia ya kurudi. Hofu ya bara imekaa katika msingi wa hadithi yao.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, pande zote mbili zikipatana kwa vina. Sarafu hizo zilisafiri mbali. Moja ya al-Hassan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya namna zilivyofika huko.

Al-Hassan huyo, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, ndiye aliyeufikisha mji kileleni. Aliupanua Msikiti Mkuu, na juu ya jabali mashariki ya mji akajenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja, ua wa kupokelea wageni, maghala ya bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Vyote vilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake, ingawa nyumba alizozieleza zilikuwa za miti. Alisimulia pia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe alipoona jinsi watu walivyomsifu baba yake, alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Kisa hiki husomwa kama ushahidi wa ukarimu, na al-Hassan alijulikana kwa lakabu ya baba wa vipawa. Mimi husimama kwenye malipo. Watu ishirini na mizigo ya pembe za ndovu, kwa nguo za mtu mmoja. Watu hao walitoka wapi, na pembe zilitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani alikuwa akienda vitani nchi ya Zanji na kurudi na ngawira. Karne tano kabla Kivinje haijawa na soko la watumwa, bara lilikuwa tayari linalipia sifa za kisiwa.

Ya Wareno nitayapita upesi, kwa maana waliharibu zaidi ya walivyojenga. Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi mwaka 1502. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, wanajeshi wake wakaupora nyumba kwa nyumba, wakajenga ngome na kumweka mtawala waliyemtaka. Mwaka 1512 wakaiacha ngome na kuondoka, biashara ya dhahabu ikiwa imekwisha kuvurugika. Mwaka 1587 ukaja msiba kutoka upande ambao hadithi ya Ali iliuhofia. Wapiganaji waitwao Wazimba walivuka kutoka bara na, kwa maelezo ya Wareno, wakawaua maelfu ya wakazi. Ngome inayoonekana leo kando ya bahari, ambayo watu huiita Gereza, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani wa zama za baadaye.

Mji ulifufuka katika karne ya 18, na ufufuo wake ndio mwanzo wa msiba wa watu wa bara. Visiwa vya Wafaransa vya Mauritius na Réunion vilihitaji watu wa kulima miwa na kahawa. Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitia saini mkataba na Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa. Sultani angempatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila mmoja, na mkataba ungedumu miaka mia. Haukudumu, maana Waomani waliirudisha Kilwa mikononi mwao katika miaka ya 1780. Ila mlango uliofunguliwa haukufungwa tena. Misafara iliyokuwa ikileta pembe kutoka nchi za Wayao na Ziwa Nyasa ilianza kuleta watu kwa wingi, na watu hao walitembea kwa miguu mpaka ufukweni. Kwa biashara ya namna hiyo, kisiwa kilikuwa kikwazo. Ilihitajika Kilwa ya bara.

Ndiyo Kivinje. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa kijiji, katikati ya karne ikawa mji mkubwa kuliko wowote kati ya Unguja na Msumbiji, wenye liwali wa Sultani wa Unguja, forodha, matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji, na Waarabu na Waswahili walioongoza misafara. Sultani wa mwisho wa Kisiwani aliondolewa na kupelekwa Maskati katika miaka ya 1840, na mji wake ukabaki na wavuvi. Ghuba ya Kivinje ni mbaya kwa meli kubwa, lakini majahazi ya Unguja hayakujali kina. Yalijali kwamba hapo ndipo njia ya Nyasa ilipoishia.

Katika miaka ya 1860 forodha ya Kilwa ilikuwa ikipitisha karibu watu 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakielekea Unguja na Pemba kwenye mikarafuu. Idadi hii ni ya waliolipiwa ushuru. Haina waliokufa njiani, waliouawa vijiji vilipovamiwa, wala waliopitishwa gizani kwa kukwepa ushuru. Nchi kati ya pwani na Ruvuma ilipungua watu kiasi kwamba wasafiri walitembea siku kadhaa bila kukuta kijiji. Wangindo, ambao hawakuwa na wafalme wala miji yenye maboma, waliumia kupita wote. Wamatumbi waliokolewa kwa sehemu na milima yao, na kwa mapango yaliyomo, ambayo yalikuja kutumika tena katika vita vingine.

Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akishinikizwa na manowari za Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kivinje hawakuacha kazi, waligeuza njia. Misafara ilishika nchi kavu kuelekea kaskazini, kupitia Rufiji na nyuma ya Dar es Salaam hadi Pangani, ambako kuvuka kwenda Pemba kulikuwa rahisi. Kapteni Frederic Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza Unguja, alipita njia ile kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, na katika muda wa mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000. Ilibidi Barghash atoe marufuku nyingine mwaka 1876, na Kivinje ikakaribia kuasi. Baada ya hapo mji uliokolewa na mpira wa porini, utomvu ambao watu wa bara waliugema misituni na kuuleta wenyewe kuuza, pamoja na sandarusi. Kwa miaka michache watu wa bara walishuka Kivinje wakiwa wauzaji. Kipindi hicho hakisimuliwi vya kutosha.

Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilikuja kuchukua forodha na kupandisha bendera. Pwani nzima iliwaka moto, na Kilwa haikubaki nyuma. Septemba mwaka ule watu walishuka kutoka bara wakaungana na wa mjini, wakawapa Wajerumani wawili waliokuwepo muda wa kuondoka, na walipokataa wakawaua. Mjerumani Hermann Wissmann aliuteka mji tena mwaka 1890 kwa mizinga. Boma lilijengwa Kivinje, na nyuma ya boma Hassan bin Omari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makunganya, aliendelea kuwa mtawala halisi wa njia za misafara. Alikuwa ametajirika kwa biashara ya zamani, ya watumwa ikiwamo, na sioni sababu ya kulificha hilo ili kumfanya shujaa safi. Lakini alikataa kodi na amri za wageni, na mwaka 1894 alithubutu kulishambulia boma lenyewe. Mwaka uliofuata alikamatwa, na mnamo Novemba 1895 akanyongwa Kivinje, pamoja na wenzake, kwenye mti wa mwembe. Mahali pale panaitwa Mwembe Kinyonga, na hospitali ya wilaya, iliyoko Kivinje, inaitwa Kinyonga mpaka sasa.

Baada ya Makunganya, utawala ulipanda milimani. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Maakida kutoka pwani, wengi wao wageni kwa lugha na desturi, waliwekwa juu ya majumbe. Kisha Gavana Götzen, kuanzia mwaka 1902, akaleta mpango wa pamba, kwamba kila jumbe awe na shamba la pamoja na watu wake walilime. Kwa mkulima wa Matumbi jambo hili lilikuwa na ubaya wa aina nyingi kwa pamoja. Pamba hailiwi. Msimu wake unagongana na msimu wa mahindi, mpunga na mtama. Malipo yalikuwa kiduchu, na aliyechelewa au kuchoka alilazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini. Akida wa Kibata alisimamia hayo kwa niaba ya Mjerumani wa Kivinje, ambaye wakulima wengi hawakupata kumwona.

Ndipo mwaka 1904 habari zikatoka Ngarambe, upande wa kaskazini ya milima, sehemu ambayo leo iko Rufiji. Mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alikuwa amechukuliwa na pepo akazama kwenye kilindi cha mto, jamaa zake wakamngoja wakidhani amekufa, na kesho yake akatoka akiwa na nguo kavu. Alisema wafu wako salama, watu wote ni wamoja, na ana dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, yatakayogeuza risasi kuwa maji. Watu walimiminika kwake kutoka kila upande. Wamatumbi waliendeleza ujumbe wa siri wakiuita njwiywila, wakipeana kijiji kwa kijiji, ukoo kwa ukoo.

Jambo linalonigusa zaidi katika habari hii ni upana wake. Watu hawa walikuwa na karne moja ya kuwindwa na kuuziana. Aliyekuwa Mngindo hakuwa na sababu ya kumwamini Myao, wala Mmatumbi kumwamini mtu wa mtoni. Hapakuwa na mfalme wa kuwaamuru. Maji yaliwapa sababu ya kusimama pamoja katika nchi ambayo biashara ya pwani ilikuwa imeifundisha kila nyumba kuihofia nyumba nyingine.

Kinjikitile aliwaambia wangoje. Watu wa kijiji cha Nandete, kule Matumbi, wakachoka kungoja. Julai 1905 wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Ilikuwa tangazo la vita, na kila mtu alilielewa hivyo, kuanzia jumbe aliyepeleka habari Kibata hadi akida aliyekimbia. Ngoma zikapigwa milimani. Katika siku chache Kibata ilizingirwa, Somanga iliyokuwa na maduka ya wafanyabiashara wa pwani ikachomwa, na Wajerumani wakapeleka askari. Tarehe 4 Agosti 1905 walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Walidhani wamemaliza. Dawa ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake. Siku kumi baadaye Askofu Cassian Spiss na wenzake, waliokuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, waliuawa karibu na Liwale. Boma la Liwale, lililokuwa chini ya Kivinje, likaanguka mikononi mwa Wangindo wakiongozwa na Abdallah Mapanda. Kutoka huko vita vilienea Ungoni, Mahenge na mpaka karibu na Iringa.

Wajerumani walivimaliza kwa njaa. Walichoma vijiji, maghala na mashamba, na maofisa wao waliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Serikali yao ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye pamoja na John Iliffe alikusanya shuhuda za wazee katika miaka ya 1960, alikadiria hadi laki mbili na nusu au tatu. Katika Matumbi watu walijificha mapangoni, Nang'oma likiwa mojawapo, na wanawake walitoka usiku kutafuta mizizi. Sehemu kubwa za Ungindo hazikupata tena watu. Ndovu walirudi mahali palipokuwa na mashamba, na baadaye eneo hilo likatangazwa hifadhi ya wanyama, ile iliyokuja kuitwa Selous. Ebrahim Hussein alipotunga tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 aliwapa Watanzania jina la kukumbuka. Jina la Nandete halikupata bahati hiyo, ingawa ndiko pamba ilikong'olewa na ndiko mnara wa kumbukumbu ulikosimamishwa.

Miaka kumi na moja tu ikapita. Septemba 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walishuka Kilwa, na kuanzia Desemba majeshi yao na ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipigana Kibata, kwenye matuta yaleyale, kwa mizinga mikubwa na mabomu ya mkono, askari wakitoka Gold Coast, Bara Hindi na Afrika Mashariki yote. Walioburuta mizinga ile kupandisha milima ni wapagazi, na wapagazi walikamatwa vijijini. Mtoto aliyenusurika njaa ya mwaka 1906 alikuwa sasa na umri wa kubebeshwa mzigo.

Enzi ya Waingereza ilikuwa ya ukimya na umaskini. Kivinje ilififia pole pole, milango yake ya nakshi ikilegea, kwa sababu meli za mvuke zilihitaji maji yenye kina na ghuba yake haikuwa nayo. Makao ya wilaya yakahamia Masoko, kwenye bandari ileile iliyowavuta masultani, ila safari hii upande wa bara. Masoko ni mji wa ofisi. Mitaa yake imenyooka, imepangwa, haina uzee wa Kivinje wala utukufu wa Kisiwani, na watu wa wilaya huifuata kwa sababu ya mihuri, mahakama na mishahara.

Baada ya uhuru, wilaya iliangukia Mkoa wa Mtwara, kisha Mkoa wa Lindi ulipoundwa mwaka 1971. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na halmashauri ya wilaya ikaanza tena kukusanya ushuru wake. Katika muda huohuo vijiji vilihamishiwa kando ya barabara, hata pale barabara yenyewe ilipokuwa ya kupitika nusu ya mwaka. Kwa miongo mingi mtu wa Kipatimu au Njinjo aliyetaka kwenda Dar es Salaam wakati wa masika alijiandaa kwa siku kadhaa, sehemu ngumu ikiwa kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Lami ilipokamilika baadaye, Kilwa ikawa mwendo wa nusu siku kutoka jijini.

Na mara njia ilipogeuka, mji mwingine ukainuka, kama ilivyokuwa siku zote. Nangurukuru, njia panda ambayo zamani haikuwa na jina kwenye ramani nyingi, sasa ina mabasi, maghala na nyumba za wageni, kwa sababu kila anayekwenda Lindi na Mtwara hupita hapo. Somanga nayo, ile iliyochomwa mwaka 1905, imepata jukumu jipya. Gesi iligunduliwa kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka thelathini, na tangu 2004 inapita chini ya bahari kwa bomba la kilometa 25, inaibukia Somanga, kisha inakwenda nchi kavu kilometa 207 zaidi mpaka Dar es Salaam. Kwa muda mrefu taa za jijini ziliwaka kwa gesi ya Kilwa huku vijiji vingi vya Kilwa vikitumia vibatari. Mali ya wilaya hii ilikuwa bado inapita tu.

Kisiwani nako kumepata jina jipya duniani. Magofu yake na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikiwa inakula kuta za Gereza na mizizi ikipasua misikiti, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo baada ya kuta kuimarishwa na mikoko kupandwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na mafundi wa kisiwani wenyewe, wanaojua kuchoma matumbawe na kuchanganya chokaa. Nafurahi kwamba imefanyika. Ningefurahi zaidi kama anayelipa kiingilio kuona Husuni Kubwa angeoneshwa pia njia ya kwenda Nandete na Nang'oma, maana wilaya ni moja na watu ni wale wale.

Barabara imeonyesha pia udhaifu wake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua juu ya mvua, maji yalikata barabara kuu eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na jiji kwa siku kadhaa, malori yakipanga foleni pande zote mbili. Mashamba ya ufuta na mpunga mabondeni yalizama. Vijiji vya bara vimekuwa pia na ugeni mwingine tangu 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu kuletwa Lindi na mifugo yao, na migogoro ya ng'ombe na mashamba imekuwa kazi ya kila siku ya wenyeviti wa vijiji.

Lakini jambo kubwa zaidi lililotokea bara kwa kizazi hiki, kwa maoni yangu, limetokea msituni. Miombo ya Kilwa ina mpingo, mti unaotengenezewa zumari na klarineti za Ulaya, na kwa miaka mingi magogo yaliondoka kwa bei ambayo kijiji hakikuijua, kwa kibali ambacho kijiji hakikukiona. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipima misitu yao, vikaweka kanuni na doria, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Nanjirinji ikafuata, ikiwa na mojawapo ya misitu mikubwa ya kijiji nchini. Sasa mnunuzi akitaka gogo, huenda kwanza kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa, husikiliza taarifa ya kamati ya maliasili, hubishana juu ya bei na juu ya matumizi ya fedha za mauzo yaliyopita, visima au madarasa, kisha huamua ni miti mingapi ikatwe msimu huo na mingapi iachwe.